Mwenye Paa ni Nani? Historia Fupi ya Sola Kibera na Kawangware

Sisi watu wa kompyuta tuna ugonjwa mmoja: tukiona tatizo lolote tunakimbilia kukokotoa. Haya basi, tukokotoe. Chumba cha kawaida Kibera au Kawangware ni futi 10 kwa futi 10, kwa hivyo paa lake la mabati lina takriban mita 9 za mraba. Jua la adhuhuri, mawingu yakiwa yametoweka, huleta karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Paneli ya siku hizi hugeuza karibu sehemu moja ya tano ya mwanga huo kuwa umeme. Paa la chumba kimoja tu, basi, lingeweza kutoa zaidi ya kilowati moja. Zidisha hiyo kwa mabati yote unayoyaona ukisimama juu ya reli pale Laini Saba. Hapo una stesheni nzima ya umeme, katikati ya jiji, bila bwawa wala jenereta.

Lakini stesheni hiyo haipo. Katika sensa ya mwaka 2009, asilimia 1.6 tu ya nyumba za Kenya ndizo zilizotumia sola kama mwanga wake mkuu. Sensa ya mwaka 2019 ilipofika, idadi hiyo ilikuwa imeruka hadi asilimia 19.3. Hayo ni mapinduzi makubwa, na yametokea mbele ya macho yetu. Lakini karibu yote yalitokea mashambani. Nairobi, mitaa ya mabanda ikiwamo, zaidi ya asilimia 90 ya nyumba zilijibu kwamba zinatumia stima. Sola ilitoka madukani mjini, ikapanda basi, ikaenda Siaya, Kakamega, Kitui na Meru. Kibera na Kawangware iliyapita njiani.

Kwa nini? Kikokotoo hakina jibu. Jibu liko kwenye historia ya ardhi, ya kodi ya nyumba, ya mafundi wa nyaya na ya simu za mkononi. Twende polepole.

Tuanzie Meru, maana ndiko mambo yalikoanzia. Katikati ya miaka ya 1980 mhandisi Mmarekani, Harold Burris, alianzisha kampuni iliyoitwa Solar Shamba. Karibu na wakati huo mwalimu wa kujitolea, Mark Hankins, alikuwa akifundisha katika shule ya Harambee ya Karamugi. Shule ilihitaji taa, na jenereta ilikuwa ghali. Wakaweka paneli, wakawafundisha vijana wa pale kufunga nyaya na kutunza betri, na vijana hao wakaendelea na kazi hiyo hata baada ya wageni kuondoka. Walimu na wakulima wa kahawa na chai walipoona shule inawaka usiku, nao wakataka. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wakenya walikuwa wamenunua mitambo midogo ya sola zaidi ya 200,000, wengi kwa pesa zao wenyewe, bila ruzuku ya serikali.

Hebu tazama mnunuzi wa Meru alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa na mshahara au zao la kuuza. Alikuwa na nyumba yake, juu ya shamba lake, na paa lilikuwa lake. Fundi alimjua kwa jina. Majirani waliona paneli ikifungwa wakajua ni ya nani, na mwizi akiigusa, kijiji kizima kitajua. Mtafiti Arne Jacobson, aliyechunguza soko hilo kwa miaka mingi, alionyesha kwamba sola ya Kenya wakati ule iliendeshwa zaidi na tabaka la kati la mashambani lililotaka televisheni na redio. Kwa kifupi, sola ilikuwa kitu cha mtu mwenye paa.

Sasa njoo Kibera. Eneo hili lilikuwa msitu, na jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana hiyo hiyo. Wanubi, askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza, waliruhusiwa kukaa hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikatangaza zaidi ya ekari 4,000 kuwa uwanja wa jeshi. Hawakupewa hati. Baada ya uhuru ardhi ikabaki ya serikali, watu wakamiminika kutoka Magharibi, Nyanza, Ukambani na kwingineko, na nyumba zikajengwa kwa idhini ya mdomo ya chifu. Wanubi walipata hati ya ekari 288 mwaka 2017, zaidi ya karne moja baada ya kufika. Waliobaki hawana hati. Mwenye nyumba anamiliki ukuta na mabati lakini hamiliki ardhi iliyo chini. Na anayelala ndani, mara nyingi, ni mpangaji asiyemiliki hata mabati.

Kawangware ni hadithi nyingine kabisa, ingawa kwa macho ya mpita njia mabati ni yale yale. Dagoretti ilikuwa sehemu ya reserve ya Wakikuyu, ikaingizwa ndani ya mipaka ya jiji mwaka 1963. Ardhi ni ya watu binafsi, yenye hati. Familia ziligawanya mashamba kuwa ploti, kisha wakajenga mistari ya vyumba vya kupangisha, mlango kwa mlango, choo kimoja mwisho wa uga. Ndiyo Kawangware unayoijua kuanzia Gatina hadi Congo hadi 46, kituo kilichopewa jina na namba ya matatu.

Tofauti hii ya ardhi ndiyo iliyoamua stima iingie vipi. Kawangware, mwenye ploti alikuwa na hati, kwa hivyo aliweza kwenda kwa kampuni ya umeme akaomba laini. Mita ikawa moja, vyumba kumi na viwili. Umeme ukawa ndani ya kodi, na kwa sababu uko ndani ya kodi, una sheria zake: pasi marufuku, jiko la koili marufuku, na ploti nyingine taa zilikuwa zinazimwa kwa saa ya mwenye nyumba. Kibera hapakuwa na hati ya kupeleka kokote. Wachache, hasa wenye maduka, walipata laini halali, na kutoka kwao nyaya zikaenea nyumba hadi nyumba. Watu wakauita umeme huo sambaza. Fundi wa sambaza hutoza shilingi mia chache kwa mwezi, bila mita, na waya ukikatika usiku wa manane unajua mlango wa kugonga.

Wengi huandika habari za sambaza kana kwamba ni wizi tu. Wizi upo, na hatari ipo: nyaya zisizofunikwa zimeua watoto na mioto mingi imeanzia hapo. Lakini ukiitazama kama mtu anayeunda mifumo utaona kwamba sambaza ni huduma iliyoundwa kwa ajili ya mpangaji. Haiombi hati. Haiombi malipo makubwa ya mwanzo. Inalipwa kwa mwezi, kama kodi. Ukihama, unaacha tu. Na ina fundi anayeishi jirani. Kitu chochote kilichotaka kuiondoa sambaza kilipaswa kutimiza masharti hayo manne.

Jaribio la kwanza la sola ninaloliheshimu sana lilizaliwa Kibera kwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijana wa Kibera Community Youth Programme walianza kuunda paneli ndogo kwa mikono yao, kwa mbinu iliyosambazwa na Mwingereza Graham Knight wa BioDesign. Kioo kikubwa cha sola cha aina ya amofasi hukatwa vipande vidogo, nyaya zinachomelewa kwa risasi, kisha kingo zinazibwa maji yasiingie. Matokeo ni kipande kinachoshikika kwa mkono mmoja, chenye nguvu ya kuendesha redio au kuchaji simu.

Wahandisi waliocheka ukubwa wake hawakuelewa. Paneli ile haikuhitaji paa. Ilitoka asubuhi, ikawekwa dirishani au juu ya mabati, jioni ikarudi ndani pamoja na viatu. Haikumwomba mwenye nyumba ruhusa. Ukihama unaitia kwenye mfuko. Pia ililenga matumizi yaliyokuwa yakimla mtu pesa kila wiki: betri za redio. Redio Kibera si mapambo. Mwaka 2007 Pamoja FM ilipoanza kurusha matangazo kutoka Kibera, kila chumba kilikuwa na sababu ya kuisikiliza, na ghasia za baada ya uchaguzi zilipolipuka mwishoni mwa mwaka ule, kujua njia ipi ni salama kulikuwa suala la uhai.

Paneli ile ilibeba mzigo mmoja ambao haikuustahili. Nchini kote paneli za amofasi zilikuwa zimepata jina baya, kwa sababu vipimo vilivyofanywa mwaka 1999 na miaka iliyofuata vilionyesha kwamba baadhi ya chapa zilitoa nguvu kidogo mno kuliko ilivyoandikwa nyuma yake. Mnunuzi wa kawaida hana mita ya kupimia. Anachojua ni kwamba jirani alinunua, ikafa. Na mtaani ambapo kuta ni za mabati, neno la jirani husafiri haraka kuliko tangazo lolote.

Kisha simu ikaingia. Safaricom walizindua M-Pesa mwezi Machi 2007 kwa wito wa kutuma pesa nyumbani, na neno nyumbani hapo lina uzito. Mtu anayeishi Gatwekera au Kisumu Ndogo, ukimwuliza nyumbani ni wapi, hatakuonyesha chumba chake. Atakutajia kijiji. Chumba ni mahali pa kulala akitafuta pesa; nyumbani ni kule kuna mama, watoto na kaburi la babu. Mawazo ya kujenga, ya kuweka kitu cha kudumu, yako kule.

M-KOPA walipoanza kuuza kibiashara mwaka 2012 waligonga msumari kichwani. Bei iliyojulikana sana miaka ile ilikuwa malipo ya kwanza ya takriban shilingi 3,000, halafu shilingi 40 kila siku kwa mwaka mmoja. Jumla kama shilingi 17,600. Ndani ya kisanduku kulikuwa na laini ya simu. Ukilipa kwa M-Pesa, seva inatuma ujumbe, kisanduku kinafunguka. Usipolipa, kinajifunga. Kwangu mimi kama mwandishi wa programu huo ndio ubunifu wenyewe, kuliko paneli. Zamani mkopo ulihitaji dhamana: hati ya shamba, mshahara, au kikundi cha watu watakaokuaibisha usipolipa. Hapa dhamana ikawa mistari ya programu. Na kwa kuwa simu hulipa kutoka popote, kijana wa Kawangware aliweza kuwasha taa ya mama yake Vihiga kila asubuhi akiwa kwenye foleni ya kibarua. Mji ulilipa, kijiji kikawaka. Hiyo ni sehemu ya siri ya zile asilimia 19.3.

Lakini je, ndani ya chumba chake mwenyewe? Fanya hesabu yake, si yetu. Shilingi 40 kwa siku ni shilingi 1,200 kwa mwezi. Paneli ya wati 8, ikipata jua zuri la saa 5, inatoa wati-saa 40. Pasi ya wati 1,000 ingemaliza umeme huo wote kwa dakika mbili na nusu. Sambaza ilimpa taa, televisheni, redio kubwa na pasi kwa mia chache. Kinyozi, fundi cherehani, muuza samaki mwenye friji, wote walikuwa juu ya waya ule. Mtu huyu hakuwa mjinga kukataa sola, wala hakuhitaji semina ya kuhamasishwa. Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao, naye alikuwa ameshika mbachao wake vizuri.

Halafu kuna jambo la paa. Kufunga paneli kwenye mabati ya mtu mwingine ni kumwomba ruhusa, na ruhusa ina bei. Toboa bati, mvua ikivuja ni juu yako. Mwenye nyumba akiona una sola anaweza kuamua kwamba una pesa, kodi ikapanda. Paneli ikilala nje usiku, asubuhi huenda usiikute. Mwenye ploti wa Kawangware, ambaye paa ni lake na hati ni yake, naye hana haraka: kodi inaingia sola iwepo isiwepo, na vyumba havikosi wapangaji. Mwenye uwezo wa kuweka sola hafaidiki nayo, na wa kufaidika hana uwezo wa kuiweka. Fundo hilo halifunguliwi na paneli yenye bei nafuu zaidi.

Ushahidi kwamba tatizo lilikuwa la kijamii ulikuja kutoka upande usiotarajiwa, yaani stima yenyewe. Kampuni ya umeme, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilijaribu kwa muda kuingiza laini halali katika mitaa ya mabanda. Mwanzoni njia ilikuwa kukata sambaza na kufunga mita. Mchana wanakata, usiku nyaya zinarudi. Kisha wakabadilisha mwendo: wakakaa na viongozi wa mitaa, wakaeleza, wakashusha gharama ya kuunganishwa hadi shilingi 1,160, na mita zikawa za kulipia kabla, zile za tokeni yenye tarakimu 20. Kati ya mwaka 2014 na 2015, kwa mujibu wa Benki ya Dunia, nyumba za mitaa ya mabanda zilizounganishwa kihalali ziliruka kutoka 5,000 hadi 150,000. Umeme ulikuwa ule ule, na waya ule ule. Kilichobadilika ni mazungumzo. Angalia pia tokeni: unanunua ya shilingi 50 leo, kesho ukipata unaongeza. Ni mwendo wa kibarua, wala si wa mshahara.

Sambaza haikufa, na mvutano kati ya mafundi na kampuni unaendelea hadi leo. Lakini sola kama mwanga mkuu wa mjini ilipoteza nafasi hapo.

Isidhaniwe kwamba haikuacha alama. Taa ndogo za sola, zile za kushika mkononi za d.light na Sun King, ziliingia vyumbani na kukaa. Mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia, ulioifanya Kenya kuwa moja ya nchi zake mbili za majaribio, ulileta vipimo vya ubora, na polepole jina baya likaanza kusafishika. Kina mama walizinunua kupitia vyama: wiki hii pesa za mzunguko ni taa ya mama huyu, wiki ijayo ya yule. Koroboi ikaondoka mezani, na pamoja nayo moshi na hofu ya moto. Mwezi Septemba 2018 serikali ilipoongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, taa hizo zilikuwa tayari zimeshawapunguzia wengi maumivu. Na usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, karibu Kenya yote ilipoingia gizani kwa sababu gridi ilianguka, hata uwanja wa ndege wa Nairobi ulibaki bila mwanga. Taa ya elfu moja na kitu haikujua habari ya gridi.

Kuna tarehe nyingine ya kukumbuka: 23 Julai 2018. Asubuhi hiyo matingatinga yaliingia Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na watu wapatao 30,000 wakapoteza makao. Fikiria ni nini mtu anaweza kuokoa katika hali kama ile. Mita haibebeki. Laini halali uliyoilipia inabaki kwenye nguzo. Taa ya sola na kipaneli chake vinaingia kwenye beseni pamoja na sufuria. Vijana wa miaka ya 2000 na vioo vyao vya kukata walikuwa wameliona hili mapema: kwa mtu anayeweza kufukuzwa siku yoyote, kitu chema ni kile kinachohama naye.

Naandika haya kwa sababu sola sasa inarudi mjini kwa kishindo. Paneli zimeshuka bei mno, na mwaka 2024 Kenya ilipata kanuni zinazomruhusu mwenye mtambo wa sola kuingiza umeme wa ziada kwenye gridi na kupunguziwa bili. Ni habari njema. Lakini zisome kanuni kama hizo ukiwa na Kawangware akilini. Zinazungumza na mwenye paa na mwenye akaunti ya umeme. Mpangaji wa chumba namba 7 hayumo. Tukiziacha hivyo, Lavington itapata bili ndogo, na ng'ambo ya barabara, Kawangware itabaki na mita moja ya ploti na marufuku ya pasi.

Kwa hivyo wewe mwenye kuunda programu, mtambo au sera, kabla hujafungua kompyuta uliza maswali ambayo historia hii imeshayajibu mara nyingi. Paa ni la nani? Mtu akihama mwezi ujao, anaondoka na nini? Anaweza kulipa hamsini leo na asilipe kesho bila kuadhibiwa? Kikiharibika, fundi anakaa mlango gani? Na mwenye ploti anapata nini akikubali? Mfumo wa pamoja wa ploti, ambapo mwenye nyumba anapata sehemu yake na kila chumba kina mita yake ndogo ya tokeni, si jambo gumu kuuandika. Sehemu ngumu ni kuwakalisha watu hao kwenye benchi moja wakubaliane, na kazi hiyo huanza ugani, kwenye ploti, kabla ya mtu yeyote kuandika mstari wa kwanza wa programu.